Mlango wa Mwisho wa Kabati la Mwalimu Yuditha

Wasifu wa Mwalimu Yuditha Eliakim Swai (Mama Gladness), umesomwa na mdogo wake, Elisifa, katika kihamba, shamba la ukoo la mume wake, Masama, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025

Mchungaji, ndugu, majirani, nanyi wageni wetu mliopanda kutoka Moshi mjini, poleni na safari, na poleni na msiba. Familia imenipa kazi hii kwa sharti kwamba nisilie. Nami nimetoa sharti langu, kwamba nisikatazwe kucheka. Dada yangu hakuwahi kusimulia habari za mimea akiwa ameketi. Mkitaka nimsome kwa sauti ya kupoa, mtakuwa mmenipa nimsome mtu mwingine.

Mwalimu Yuditha alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapahapa Masama, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Eliakim Swai na marehemu Mama Eliona. Akiwa bado mdogo alimsikia baba akisema "mti wa mgomba", akachukua panga kwenda kuutafuta huo mti. Alichagua mgomba mnene kuliko yote, akaubambua gamba kwa gamba mpaka ndani kabisa. Kisha akakimbia uani akipiga kelele, "Baba, hakuna mti humu! Ni majani tu yamekumbatiana!" Baba akatazama mkungu uliolala chini, aliokuwa ameutunza kwa ajili ya wageni wa kipaimara, akasema, "Na wageni wangu nao wakumbatiane na nini?" Adhabu aliyopata siku ile tunaifahamu. Alichokiona ndani ya mgomba hakikumtoka.

Alisoma shule ya msingi Masama kuanzia 1962 hadi 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1975 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea biolojia. Likizo ya kwanza alirudi amewaka moto. Mama alikuwa ametupakulia makande, njaa inatuuma, Yuditha akazuia sahani zetu kwa mkono. "Tazameni! Hindi likiota hutoa jani moja la mbegu. Harage hutoa mawili. Mishipa ya jani la hindi imenyooka, ya harage imesukwa kama wavu. Makundi mawili makubwa ya mimea yote yenye maua duniani, yamo kwenye sufuria ya mama!" Nikamwambia na mimi nimo kwenye kundi la wenye njaa. Hakunisikia. Tulikula makande yamepoa, na tangu siku ile sijawahi kuyala bila kuyatenga kwa macho.

Mwezi Julai 1978 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha ualimu mjini Moshi. Huko alimkuta Mwalimu Sadallah Shakiru, mzaliwa wa mtaa wa Majengo hukohuko mjini, msomi wa mimea kama yeye na mwana wa fundi seremala. Chuo kilikuwa na chumba kitupu. Wakakubaliana kukijaza mimea mikavu ya mlima huu, ili kila mwanafunzi aone kwa macho yake jinsi wataalamu wanavyoipanga. Yuditha alipanda msituni kukusanya. Sadallah alitengeneza kabati la mninga, lenye mlango mmoja kwa kila familia ya mimea, na juu ya kila mlango akachonga jina la familia kwa patasi ya marehemu baba yake. Kahawa mlango wake, ndizi mlango wake. Isale nalo, jani letu la mpaka na la amani, liliwekwa pamoja na katani, chini ya jina Agavaceae. Wanafunzi waliwaita bwana na bibi harusi wa kabati, na shemeji Sifael alikuwa akicheka kuliko wote.

Shemeji alicheka kwa sababu alijua amepata nini. Mwalimu Yuditha alifunga ndoa na Sifael Kweka, mkulima wa kahawa, tarehe 19 Desemba 1981. Wakati wa uchumba Sifael alimletea kishada cha maua ya mbuni. Bibi harusi mtarajiwa akayapasua kwa ukucha mbele ya wazee ili aone kifuko cha mbegu kimekaa juu ya petali au chini yake. Shangazi zetu walitaka kufa kwa aibu. Sifael aliuliza tu, "Kimekaa wapi?" Yuditha akaniambia jioni hiyo kwamba huyo ndiye. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gladness na Praygod.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka 2010 ilimfikia habari kwamba mpangilio wa mimea umefumuliwa. Wataalamu hawakuridhika tena na kutazama ua peke yake. Walisoma vinasaba na kufuata ukoo. Upande wa hindi ulisimama imara, lakini upande wa harage ulivunjika. Parachichi na mdalasini, waliokaa humo miaka yote kwa sababu ya majani yao mawili ya mbegu, kumbe ukoo wao ulijitenga zamani sana! Isale na katani nao wakaingizwa katika familia kubwa zaidi, Asparagaceae. Dada aliruka kwa furaha. Mwalimu Sadallah alikuwa Tanga kwa ndugu zake, sikukuu ya Idi. Yuditha hakuweza kumsubiri. Alikoroga gundi ya unga, akabandika karatasi zenye majina mapya juu ya herufi zilizochongwa.

Sadallah aliporudi alipapasa karatasi zilizofunika herufi zake, akasema, "Yuditha, ungeningoja."

Dada akajibu, "Sayansi haingoji Idi."

Neno likishatoka halirudi. Walifanya kazi jengo moja mpaka wote wawili wakastaafu, na salamu yao ilikuwa ya mlangoni tu. Dada yangu alikuwa mwepesi wa kufurahi na mzito wa kuomba radhi. Hilo nalisema mbele ya jeneza lake kwa sababu alilisema mwenyewe.

Mwezi Novemba 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo, na familia inawashukuru. Hofu yake haikuwa kifo. Hofu yake ilikuwa kufa kabla hajapatana na Sadallah. Kwa hiyo aliamua kumpelekea isale, kama wazee walivyotufundisha, maana aliyekosewa akipelekewa isale hakatai kusamehe. Mtu wa kawaida hukata jani bichi, akalifunga fundo, akalituma. Dada yangu hakuwa mtu wa kawaida. Alisema hawezi kumpelekea mtaalamu mwenzake jani lisilo na ua. Akangoja isale la mpakani litoe ua, jambo ambalo halifanyi hovyo, akalikausha pamoja na jani, akalishona kwenye kadi nyeupe kama afanyavyo sampuli za chuo. Praygod, kijana wa Dar es Salaam, aliipeleka Majengo akasema, "Shikamoo, mzee. Mama kasema nikupe hii." Akaondoka.

Kadi ilirudi kesho yake. Chini yake Mwalimu Sadallah alikuwa ameandika kwa penseli: Agavaceae.

Yuditha alicheka mpaka tukamwinua akae. Halafu akalia. Akasema, "Elisifa, atakuja kunizika akidhani nilikuwa nabishana."

Sikulala juu ya neno hilo. Nilikata isale bichi, nikalifunga fundo, nikashuka Majengo. Mkewe, Bi Sophia, alinifungulia. Nikamwambia mumewe, "Shikamoo, mwalimu. Hili si la kabati. Hili ni la msamaha."

Alilishika, akalitazama fundo. "Na lile la kwanza?"

"Lile pia."

"Ninyi watu!" akasema. "Mimi nimezaliwa Majengo, sikuzaliwa Ulaya. Isale nalijua tangu utoto. Lakini isale la msamaha nani alimwambia linashonwa kwenye kadi?" Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, na Bi Sophia naye akafuata, tukawa watatu.

Kesho yake alipanda Masama. Dada alimwambia, "Sadallah, nilikukosea. Ningekungoja." Akajibu, "Yamekwisha. Lete hayo majina nichonge." Chuo kilimruhusu kuichukua milango, na kila wiki alikuja na mbao na patasi, akakaa barazani akichonga, dada akimsomea majina akiwa kitandani, kupitia dirisha. Walibishana kwa furaha mpaka majirani wakaleta viti. Nilimwona dada yangu amerudi kuwa yule wa makande. Mlango wa isale peke yake Sadallah aliukataa. Alisema, "Huo nitauchonga siku ukinishawishi. Pona kwanza."

Hakupona. Mwalimu Yuditha aliitwa na Bwana nyumbani kwake, asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Mzee Sifael Kweka, watoto wawili, Gladness na Praygod, mkwe, Tito, wajukuu, Hellen na Magreth, mimi mdogo wake, na rafiki yake, Mwalimu Sadallah Shakiru, ambaye familia imeagiza ahesabiwe hapa na si penginepo.

Alhamisi Mwalimu Sadallah aliingia msibani amebeba kitu kilichofungwa kwa kanga ya Bi Sophia. Ni huo mlango hapo, umeegemezwa kwenye jeneza. Walio mbele wanaweza kusoma herufi alizochonga: Asparagaceae.

Tukishamaliza kufukia, tutapanda masale juu ya kaburi, na yeye atapanda la kwanza. Dada, umemshawishi. Lala sasa kwa amani.