Barua Aliyoitia Sahihi Mzee Ikapel

Mchungaji, walimu, majirani wa Burumba na ndugu mliovuka mpaka asubuhi hii, familia imemkubalia kaka wa marehemu, Mzee Ikapel, awasomee historia hii, ingawa wapo wajukuu wanaosoma haraka kuliko yeye, basi mvumilieni kidole chake kikienda polepole kwenye karatasi.

Mwalimu Anjeline Amuron alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 karibu na Malaba, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ekisa na Mama Adeke, na kwa kuwa ng'ombe walihitaji mchungaji, Ikapel alibaki malishoni naye Anjeline akaanza shule mwaka 1944, akamaliza darasa la nane na kuhitimu ualimu Desemba 1956.

Alifunga ndoa na Bwana Ayub, karani wa forodha, tarehe 27 Desemba 1958, wakajaliwa watoto wanne, kifungua mimba akiwa Jentrix, ambaye mnamwona pale akilia.

Kuanzia mwaka 1957 alifundisha darasa la kwanza katika shule moja hapa Burumba, na hakuwaimbisha watoto majina ya herufi kama kasuku, bali aliwafundisha sauti zake, wakaziandika mchangani kwa kidole, wakapanga vifuniko vya soda vilivyopakwa herufi, mmm na aaa wakaziunganisha wenyewe, na kufikia Agosti mtoto wa muuza samaki alikuwa akisoma maandishi ya magunia sokoni. Lakini wazazi wengine walikasirika, mmoja akaja dukani kwa Ikapel, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, akamwambia, "Boss, mtoto wangu anarudi nyumbani anavuma tu kama nyuki, hiyo ni masomo gani?"

Sasa ndugu zangu, mwenyekiti huyo hakujua kusoma. Alijua kuchora jina lake tu, naye alilichora kwa madaha, akavaa miwani asiyoihitaji, na mji mzima ukaamini. Oktoba 1973 katibu wa kamati alimletea karatasi akasema, "Mzee, weka sahihi hapa, ni ile barua ya wazazi," naye Ikapel akaona aibu kuuliza imesema nini mbele ya wateja, akapitisha macho juu mpaka chini, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akatia sahihi.

Januari 1974 Mwalimu alihamishiwa Marachi, akawaacha watoto wake kwa baba yao, akawa anarudi Ijumaa na kuondoka Jumapili kwa baiskeli, mvua na jua. Ikapel alimhurumia sana, akailaumu serikali. Mwaka uliofuata, kwa kuwa mficha uchi hazai, alimwomba dada yake amfundishe, na kila Jumamosi wakafunga mlango wa stoo, mwenyekiti mzima akapanga vifuniko vya soda, na dada akimwambia, "Kaka, usikimbie, sauti moja moja."

Mwezi Mei 1976, akijizoeza peke yake kwa makaratasi ya kamati yaliyokuwa katika kabati lake mwenyewe, alikutana na nakala ya barua ile, akaisoma kwa kidole kuanzia chakula cha mchana hadi saa kumi, ikisema Mwalimu Amuron anapotosha watoto na aondolewe Burumba, na chini kabisa akalikuta jina analolijua kuliko yote. Akakumbuka pia kwamba Mwalimu alipewa nakala yake siku ya uhamisho. Dada alikuwa anajua Jumamosi zote zile.

Ikapel alibeba sukari kilo mbili hadi Marachi kuomba msamaha, akaiacha sukari, akarudi na msamaha wake bila kuuomba. Mwaka 1978 Mwalimu alianza kuugua kifua, na familia haiwezi kusema ni zile mvua wala haiwezi kusema si zile mvua. Mwezi uliopita, hospitalini, Ikapel alimsomea kadi yake ya kitanda bila kukwama, Mwalimu akacheka, akauliza, "Kaka, kuna kitu ulikuja kusema?" naye akajibu, "Hapana, nimekuja kukuona tu." Alifariki Jumapili tarehe 5 Agosti 1979, saa tatu asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kuteka maji wiki nzima, walimu wenzake wa Burumba na Marachi, nanyi mliokuwa watoto wa darasa la kwanza, ambao leo mmejaza uwanja huu.

Limebaki neno moja, ambalo Ikapel ameliandika kwa mkono wake mwenyewe, na atalisoma jinsi alivyofundishwa, bila kukimbia: ni, sa, me, he.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.