Fundi Meno, Aliyefuga Makufuli

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba hii, yule aliyemchokoza maisha yake yote. Familia imenipa kazi ya kusoma kwa kuwa eti sauti yangu haitetemeki. Leo inatetemeka, mnivumilie.

Dada yetu, mliyemjua kwa jina la Fundi Meno, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha duka la makufuli la baba, siku ambayo wahuni walivunja maduka ya mtaa mzima. Walipofika kwetu, kufuli la mlango lilimng'ata kiongozi wao mkono mpaka mfupani. Mama alisimulia kwamba mtoto na yule mhuni walipiga ukelele kwa pamoja, mkunga asijue akimbilie wapi.

Kwa wageni mlio hapa: makufuli ya duka letu yanauma. Fundi hulionjesha kila kufuli jipya tone la damu ya kidole chake, kwa hiari, nalo halimdhuru tena maisha yake yote. Asiyeonjwa akilazimisha mlango, shauri yake.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani kuanzia 1968. Hakumaliza vizuri, maana katika darasa la saba alimvunja pua mvulana aliyeninyang'anya viatu. Mwalimu mkuu alimfukuza. Baba hakumgombeza. Alimpa tupa na kipande cha chuma akamwambia, "Hasira zako zitie humu." Akazitia.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na mwokaji mikate wa duka la pili kutoka kwetu. Siku ya tatu, mama mkwe alitaka kuchungulia sanduku la bi harusi aone kama lina kitu. Kufuli likamshika kidole, na halikumwachia mpaka alipoomba radhi. Wakapendana tangu hapo, kwani mama mkwe naye alikuwa na meno yake. Mungu aliwajalia binti mmoja.

Baba alipofariki, dada alirithi duka na maadui wake. Mwaka 1991 waporaji walikuja na mapanga, akawapokea kwenye ngazi na nyundo. Wawili walibebwa, naye akabaki bila sikio la kushoto. Akiulizwa, alisema, "Upuuzi wa watu nausikia vya kutosha kwa hili moja." Mtaa ulicheka, lakini hakuna aliyetugusa kwa miaka mingi.

Alifundisha vijana watatu: Mrefu, Kimya na Cheko. Walikuja wadogo, wakala mikate ya shemeji, wakalala juu ya magunia ya mkaa, na kila jioni dada aliwapaka dawa vidole vilivyoonjwa. Hapakuwa na kufuli dukani ambalo halikujua damu ya wote watatu. Walipohitimu, kila mmoja alifungua duka lake.

Damu ikishaonjwa haitoki mpaka kufuli liyeyushwe. Nilimwambia, "Dada, watoto wameshajitegemea. Yayeyushe hayo, utengeneze mengine."

Akanijibu, "We, mbwa anauawa kwa kosa la kumjua mtoto wa nyumbani?"

Hakuyeyusha hata moja. Nilimkasirikia siku ile, na bado nina hasira naye.

Tangu 2015 vumbi la chuma lilimsumbua kifua. Daktari alituambia tujiandae, tukajiandaa kwa kifo cha kitandani. Hatukukipata.

Jumanne tarehe 4 Juni, mchana wa mvua kubwa, wanaume waliofunika nyuso walifika dukani. Mlango ule una makufuli manne. Yote manne yalifunguka bila kuuma mtu. Kikulacho ki nguoni mwako. Walitaka kufuli mama, lile la babu, ambalo mengine yote hupata ukali kutoka kwake. Mwenye nalo angeutawala mtaa. Dada aliziba mlango wa karakana kwa mwili wake. Walimkata bega, wakamkata shingo. Mkononi alikuwa na kufuli lililotoka motoni asubuhi hiyo, ambalo lilikuwa limeonja damu yake peke yake. Akalibana kwenye mkono wa aliyekuwa mbele.

Shemeji alimkuta amelilalia kufuli mama. Hawakulipata. Kufuli jipya lilikuwa limefumba taya, na ndani yake mna kidole gumba cha mkono wa kulia. Polisi wameshindwa kulifungua. Ndilo hilo mnaloliona juu ya jeneza.

Haya ninayosema sasa hayamo kwenye karatasi zenu.

Desturi ya kazi yetu ni wanafunzi kumbeba mwalimu wao wakiwa wamevaa glavu za ngozi. Leo mmembeba hivyo, wanangu, wote watatu, tena mkilia. Nimeyaona machozi yenu. Lakini mimi siwezi kumweka dada yangu ardhini kabla sijajua anateremshwa na mikono ya nani. Vueni glavu.

Mrefu amevua. Asante, baba.

Kimya amevua. Asante.

Cheko, mjomba anakungoja.

Msikilizeni huyu wa juu ya jeneza anavyonguruma. Shemeji, funga geti.

Marehemu ameacha mume, binti, mdogo wake mmoja, na wanafunzi wawili.

Dada, sasa pumzika kwa amani.