Mama Maana Anatuachia Mlezi Mpya

Tarehe 30 mwezi huu, mwandishi mkuu wa miswada katika idara yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Sisi tunamwita Mama Maana, kwa sababu ukimpelekea neno lolote, atakuuliza maana yake kabla hujamaliza salamu.

Mbele ya meza yake kuna kiti kidogo cha chekechea. Anayetaka kubadilisha neno katika sheria ya kulinda watoto hukaa hapo, magoti yakimgusa kidevu, aeleze anamfikiria mtoto gani. Mkurugenzi naye alikikalia, akainuliwa na watu wawili. Hata sisi tuliotoka shuleni juzi tulikaribishwa pale, tukasikilizwa.

Alianza kama mpiga chapa, akilea watoto wake wawili na wawili wa marehemu dada yake. Siku moja jirani alimpiga mmoja wa hao wa dada. Alipokwenda kituo cha polisi kushtaki, alirudishwa mlangoni: kisheria mlezi alikuwa mzazi, au mtu aliyeteuliwa na mahakama. Mama mdogo hakuwemo. Mtoto alirudi na jicho limevimba, jirani akaendelea kuota jua barazani. Mwaka uliofuata Mama Maana alianza kusomea sheria, jioni baada ya kazi.

Alipokuja kuwa mwandishi wa miswada, rasimu yake ya kwanza ya maana mpya ya mlezi ilifungua mlango mno: kila anayemlisha mtoto na kumpa pa kulala. Dereva wetu akaisoma. "Kwa hiyo, Mama, mpishi wa bweni ana watoto mia nne? Kuku ana nafuu!" Mama Maana alicheka kuliko wote, kisha akafuta.

Muswada ulirudishwa mara mbili, tukahofia angestaafu kabla haujapita. Mwezi uliopita Bunge liliupitisha. Sasa anayemlea mtoto siku zote kama wake ni mlezi, awe na hati ya mahakama au asiwe nayo.

Wiki iliyopita alipeleka nakala za sheria hiyo kwenye dawati la watoto katika kituo cha polisi. Bibi mmoja aliingia na mjukuu wake, amejiandaa kubembeleza. Karani akamwambia, "Karibu, bibi. Wewe ndiye unayemlea? Basi tuandike." Mama Maana aligeukia ukuta, akafuta miwani isiyokuwa na vumbi.

Asante, Mama yetu. Tunakuombea afya na vicheko vingi nyumbani. Nenda ukapumzike, yule mtoto uliyetuuliza habari zake kwenye kile kiti sasa ana wa kumsemea.