Robo Saa, Fundi Aliyesoma Alama za Wenzake

Marehemu mdogo wangu alizaliwa mwaka 1961. La, nijisahihishe: 1961 ndio mwaka tulioezeka nyumba bati, naye alizaliwa bati limeshaanza kuvuja. Kwa hiyo ni Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1962. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba. Mimi ndiye wa kwanza, na dada yetu wa katikati ndiye anayetuamulia mambo hadi leo.

Alianza shule mwaka 1970 na kumaliza darasa la saba mwaka 1976. Akiwa darasa la tano aliifungua saa ya mezani ya mwalimu mkuu, akairudisha, ikabaki skrubu moja mkononi. Saa ikatembea. Mwalimu akauliza, "Na hii je?" Akajibu, "Hiyo ndiyo ilikuwa inaichelewesha, mwalimu." Alichapwa. Kesho yake mwalimu akamletea saa ya mkewe.

Alijifunza ufundi wa saa kwa mzee mmoja wa mjini, na mwaka 1984 akafungua kibanda chake, chenye kioo mbele na taa ya kuinamia. Mafundi wa saa wana desturi yao. Ukifungua mgongo wa saa unakuta alama ndogo alizokwangua fundi aliyekutangulia: tarehe, na alichokifanya. Ukimaliza, nawe unakwangua yako. Marehemu hakugusa chombo cha mtu kabla ya kusoma. Alisema, "Usiposoma, unatengeneza saa uliyoiota."

Tumbo lilianza kumsokota mwaka 1994. Alikwenda chooni mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, na damu aliiona. Akiwaacha wateja mbio aliwaambia, "Robo saa tu, narudi," ndipo tukampa jina hilo, Robo Saa. Tulicheka. Mimi nilidhani ni uvivu, na leo namwomba radhi mbele yenu.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Juni 1997. Wageni wamekaa, bwana harusi haonekani. Shangazi wa bibi harusi akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, amekimbia huyu!" Shemeji yangu, bibi harusi mwenyewe, akamjibu, "Hajakimbia, shangazi. Bado ana dakika nne." Kumbe mdogo wangu alishamweleza kila kitu kabla ya posa. Sisi nduguze hatukuambiwa.

Miaka kumi na miwili alitibiwa amiba, minyoo, taifodi na vidonda vya tumbo. Daktari mmoja alimwambia ni mawazo, ayapunguze. Kila akienda anakuta daktari mgeni, na mgeni anaanza mwanzo: "Haya, tatizo nini?" Naye anasimulia habari za choo chake mlango ukiwa wazi, foleni nzima imetega masikio, na faili nene liko mezani limefungwa. Siku moja nilimsindikiza. Akasema, "Daktari, naomba kwanza usome."

"Daktari ni wewe au mimi?"

"Ni wewe. Mimi ni saa tu. Ila nimeshafunguliwa na wenzako tisa."

Daktari alicheka sana, akaandika dawa ya minyoo.

Mwaka 2006 nesi wa kliniki ya Alhamisi alilisoma faili lote, kwa siku mbili. Akamwita. "Baba, hii damu imeandikwa humu mara thelathini na moja. Nani aliifuatilia?" Akampigania apate kipimo cha kamera, ikaonekana utumbo mpana umevimba na una vidonda. Ni ugonjwa wa kudumu. Hauponi, ila hutunzwa. Mdogo wangu alitoka mle analia. Nikaanza kumpa pole, akanishika mkono: "Kaka, kumbe kweli nilikuwa naumwa."

Nesi yule alibandika karatasi ndani ya jalada: akija na homa na damu, asisubiri foleni. Kwa dawa alizoanzishwa, mdogo wangu aliishi vizuri miaka kumi na mmoja. Hata safari alianza kusafiri. Mwaka 2017 nesi akastaafu.

Ijumaa tarehe 8 Machi 2019 alikwenda hospitali na homa na damu. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha akarudi nyumbani. "Nimeambiwa nirudi Jumatatu." Mkewe akamwuliza, "Karatasi uliwaonyesha?" Akasema aliwaambia ipo ndani ya faili. Jumamosi hakuweza kuinuka. Jumapili tarehe 10, saa nne asubuhi, alifariki mikononi mwetu tukimshusha garini mlangoni pa hospitali.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, mjukuu wa miezi mitano, dada yetu na mimi, pamoja na saa kumi na saba za watu kibandani. Mungu amlaze pema, mahali pasipo na foleni.

Jana nilirudi kule hospitali, si kwa ugomvi. Nilimwuliza karani, nikamwuliza daktari wa zamu, nikamwuliza hata mlinzi wa getini. Walinipa kiti, wakanipa pole. Swali langu lilikuwa dogo tu: huyo aliyemwambia mdogo wangu arudi Jumatatu, faili lake alilifungua?