Ng'ombe wa Mzee Ndululu

Katika basi la Tawa, usingizi ulimruka Halima, muuza leso, mzee wa kiti cha nyuma alipomfunulia mwalimu wa nasari karatasi.

"Mwalimu, mjukuu wangu amechora ng'ombe macho yote upande mmoja! Ndiyo mnayofundisha hayo?"

"Ni mtindo wa Pikaso, mzee Ndululu, mchoraji mashuhuri wa Ulaya. Watoto wanajifunza kwa kumwiga."

"Huyo alichunga ng'ombe wapi?"

Halima aliuma leso asicheke.

"Lakini ulijuaje ni ng'ombe?" mwalimu akauliza.

"Si ng'ombe tu. Ni yule wangu mwenye pembe iliyovunjika!"

Basi likasimama. Mzee akaikunja karatasi polepole, akaitia ndani ya koti. "Kesho mwambie anichore mimi," akasema akishuka. "Lakini macho yangu ayaache pale yalipo."