Leo Mwalimu Esnath Kalinga Anapigiwa Piano

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama yangu: nimefurahi mno kwamba Bibi anastaafu. Nyumbani wanafuta machozi, mimi naingia jikoni kucheka peke yangu. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nifuate utaratibu.

Mwalimu Esnath Kalinga anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya kufundisha piano kwa miaka thelathini na minane katika kituo cha muziki cha usharika wetu hapa Iringa. Alizaliwa Igawilo, Mbeya, akajifunza kinanda cha kukanyaga kanisani kwao wakati miguu yake bado haijafika vizuri kwenye pedali. Katika ukoo wetu, upande wa Mbeya na wa Iringa, hakuna posa wala ugomvi unaopita bila yeye kuulizwa. Mimi, Tekla, ni mjukuu wake na mwanafunzi wake. Nimemaliza kidato cha sita juzi tu. Kamati ya kumuaga ilinipa kazi ya kuandika haya ikisema, "Huyu hasemi, basi aandike."

Somo la kwanza la Mwalimu halikuwa na piano. Lilikuwa na sinia la mchele wa Chimala, ambao mdogo wake, Bibi Bupe, humtumia akiwa Mbeya. Mwanafunzi alichambua mawe kwa mkono wa kushoto, kwa kidole gumba na kile cha pete, mpaka hicho kivivu kiamke. Ndiyo maana wali wa kwa Bibi hauna jiwe, na wapo wanaodai kituo kilianzishwa kwa ajili hiyo. Watoto wa Ilula aliwasifu kuliko wote. "Hawa wamekulia kwenye nyanya," alisema, "wanajua kubonyeza bila kuumiza. Ninyi wengine mnapiga kama mnaua panya!"

Asiye na piano nyumbani alichorewa vibonye kwenye ubao, akafanyia mazoezi hapo huku akiimba sauti mwenyewe. Wengi wa hao sasa wanapiga makanisani, kuanzia Mbeya mpaka Idodi. Na ndugu wakigombana, Bibi huwakalisha kwenye benchi moja, mmoja mkono wa kulia, mwenzake wa kushoto, wapige wimbo mmoja. Hawajawahi kufika ubeti wa pili kabla mmoja hajacheka.

Lakini hadithi ambayo haizeeki ni ya harusi yake. Ilifungwa Igawilo. Mpiga kinanda alitoka Iringa na msafara wa bwana harusi, gari lake likaharibika Chimala. Watu wamejaa, kwaya imesimama, kinanda hakina mtu. Bibi harusi akapita katikati na gauni lake, akavua viatu, akakaa kwenye kinanda na kupiga. Babu Dastan akaingia peke yake. "Mimi nilioa mgongo," husema mpaka leo, "sura nikaiona kwenye viapo."

Wakwe wa Iringa walidhani ndiyo mila ya Mbeya. Watu wa Mbeya walidhani ndiyo mila ya Iringa. Wote wakaheshimu. Harusi iliyofuata kwa Wakalinga, shangazi Faustina, dada yake Babu, alimkalisha bibi harusi karibu na kinanda, ingawa masikini hakujua kupiga hata noti moja. Bibi alipokuja kugundua, alikuwa amechelewa. Mabibi harusi wa ukoo wote wanatangulia kukaa pale. "Waacheni," alisema, "afadhali pale, hakuna upepo wa mlangoni."

Sasa mnaona kilichonifurahisha. Bibi amewapigia maharusi, wahitimu, maaskofu, hata mkuu wa kituo aliyemtangulia kustaafu. Yeye hajawahi kuingia mahali popote kwa muziki wa mtu mwingine, hata siku aliyoolewa. Akiendelea na kazi, haitatokea kamwe. Leo mstaafu haruhusiwi kufanya kazi, na lazima aingie mlangoni kama mgeni wa heshima.

Tatizo ni kwamba Bibi havumilii noti ikianguka. Kwenye kipaimara cha mwaka jana alikuwa meza kuu, mwanafunzi akateleza kidogo, na kabla hatujageuka sahani yake ya pilau ilikuwa peke yake. "Sogea kidogo, mwanangu," tukasikia kwenye piano. Maneno hayo ameyasema kwa vizazi vitatu. Akiyasema leo, ataishia tena kwenye piano akiwa ametugeuzia mgongo.

Ratiba imeandikwa "muziki wa spika". Si kweli. Nitapiga mimi, na anayejua, kabla yenu mnaosoma, ni Mwalimu Marcelino wa kwaya tu, ambaye atashika simu kama anatafuta wimbo. Mimi ni yule ambaye huulizwa jina nikatazama viatu. Hata hivyo siwezi kuacha kutabasamu.

Kwa niaba ya wanafunzi wote na ukoo mzima: Mwalimu, asante sana, au kama wasemavyo kwenu Mbeya, ndaga fijo. Mungu akupe asubuhi ndefu zisizo na zamu, na viti vizuri vya kusikilizia wengine.

Nawe unayesoma, nakala yake ya maandishi haya Bibi atapewa akishakaa. Mlango ukifunguliwa mtazame yeye, usitazame piano. Nikikosea noti, pigeni vigelegele asisikie, atembee mpaka kwenye kiti chake. Mpaka hapo, tafadhali, usimwambie mtu.