Malachy Marrinan, Mbunge Aliyemwonea Wivu Marehemu

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wa Marrinan na wa Considine, waheshimiwa wabunge mliotoka Dublin na viatu visivyofaa kwa matope haya, wapiganaji wa zamani, na majirani wote wa Cloonagarr, familia imemchagua Austin, mdogo wake marehemu, awasomee historia hii, si kwa sababu ndiye msomi wetu, bali kwa sababu ana sauti ya kushindana na upepo wa makaburi haya, yeye aliyekwenda Boston, Buenos Aires na Durban kutafuta dhahabu, akarudi na jino moja la dhahabu, nalo likamtoka Liverpool akitafuna mkate wa juzi.

Marehemu Malachy alizaliwa tarehe 9 Mei 1897 hapa Cloonagarr, Clare ya magharibi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Senan Marrinan na Mama Honora, na tarehe 2 Septemba ya mwaka uliofuata, nyumba ya tatu kutoka kwao, akazaliwa Colman Talty, na tangu hapo historia ya mmoja haiwezi kusomwa bila kumtaja mwingine, jambo ambalo marehemu alilijua vizuri na ambalo lilimkera maisha yake yote.

Mtatusamehe kulisema hilo mbele ya jeneza, lakini mjane wake, Delia, ambaye mnamwona hapo kwenye kiti, ndiye aliyeagiza, akasema, "Soma yote, shemeji, na wivu wake usome, maana watu hawa wamemsikiliza akimsifu Colman miaka ishirini na minane, leo wasikie habari zake yeye," na Austin hajawahi kushinda ubishi na Delia, wala hakuanza jana.

Marehemu alipata elimu yake katika shule ya Cloonagarr kuanzia mwaka 1902 hadi 1911, akawa wa pili katika hesabu, wa pili katika kusoma, wa pili katika mbio za kuvuka kijito, na wa kwanza mnamjua. Mwaka 1912 aliajiriwa katika kiwanda cha siagi cha Kilcrone, akipima maziwa ya wakulima, na wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba ulimi wake uligundua maji ndani ya maziwa kabla ndoo haijatua chini, na kwamba hakumwaibisha mtu, alisema tu, "Mzee, ng'ombe wako amenyeshewa," basi mzee akaelewa.

Tarehe 3 Juni 1917 alijiunga na jeshi la wapigania uhuru pamoja na vijana ishirini na watatu wa tarafa hii, wakapiga kura kumchagua kapteni, Colman akapata kumi na tisa, Malachy akapata tano, na katika hizo tano moja ilikuwa yake mwenyewe. Akawa makamu. Katika miaka hiyo Delia Considine, akiwa msichana wa miaka kumi na minane, ndiye aliyewaletea barua ndani ya pampu ya baiskeli, Malachy akizipokea kwa shukrani ndefu kuliko barua zenyewe, naye Delia akisubiri amalize, kisha akiuliza, "Colman yuko wapi?" Krismasi ya mwaka 1920 Colman na Delia wakavishana pete.

Tarehe 14 Aprili 1921, katika kona ya Knockroe, kikosi chao kiliyavamia malori mawili ya askari wa Kiingereza, mapigano yakadumu dakika arobaini, na Colman, aliyebaki nyuma ili wenzake wapate kuvuka ukuta, akapigwa risasi akafa, akiwa na miaka ishirini na miwili. Malachy alirudi peke yake chini ya risasi, akambeba mgongoni maili mbili katika kinamasi, na aliwahi kumwambia Austin kwamba alilia njia nzima, halafu akaona haya, kwa sababu katikati ya kilio kile alijikuta anamfikiria Delia.

Akarithi ukapteni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1922, Malachy alisimama upande mmoja na rafiki yake Tade Hehir upande mwingine, wakakaa miaka tisa bila kusalimiana hata kanisani, na katika miaka yote hiyo kila upande uliapa kwamba Colman angekuwa wake, hata marehemu, akiwa kifungoni Curragh, siku ya ishirini na sita ya mgomo wa kula, alimwandikia Austin kule Boston: "Mtu huyu anapendwa na waliotufunga na waliofungwa, mimi sipendwi hata na mpishi."

Aliachiwa huru tarehe 19 Desemba 1923, akiwa na uzito wa mtoto wa shule, na baada ya kunenepa kidogo akaenda kwa Considine akamwuliza Delia, kama wanaume wa huku wanavyouliza wakiposa, iwapo angependa kuzikwa na watu wa ukoo wa Marrinan. Delia akacheka, akamjibu, "Tuishi kwanza, Malachy, kaburi halihami," nao wakafunga ndoa tarehe 24 Februari 1925, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, wakajaliwa watoto watatu, Nora, Senan na Ita, wote wapo hapa. Lakini mtagundua kwamba swali lake lilikuwa halijajibiwa, naye aliligundua siku hiyo hiyo ya harusi, akakaa nalo miaka ishirini na sita bila kuthubutu kuliuliza tena.

Tarehe 16 Februari 1932 alichaguliwa kuwa mbunge, akashinda chaguzi zote zilizofuata, akaleta barabara ya Knockroe, visima saba na haki za wajane, na hakukosa mazishi hata moja, kiasi kwamba hakuna mkono hapa ambao mkono wake haukuupa pole. Lakini alijua kura zile zilitoka wapi. Kila Aprili alipanda kwenye ukuta wa Knockroe akamsifu Colman, na kila Aprili mtu alimwambia kitu, kama yule bibi aliyemshika koti akasema, "Umesema vizuri, mwanangu, ila Colman angesema kwa ufupi." Akirudi nyumbani alimlalamikia Austin, ambaye kwa wakati huo alikuwa amemaliza dunia na amerudi kulala jikoni kwao, "Kila mwaka mimi naongeza kitambi na kupunguza nywele, yeye ana miaka ishirini na miwili tu, hajavunja ahadi, hajapandisha kodi, nitamshindaje mtu wa namna hiyo?" Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Colman alisifiwa miaka thelathini na tembo lake halikuingia tone.

Kibaya zaidi kilikuwa picha. Picha ya Colman ilitundikwa sebuleni kando ya ile ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na marehemu, aliyekuwa na macho ya mpima maziwa, aligundua kwamba kila Jumamosi Delia aliufuta Moyo Mtakatifu mara moja na Colman mara mbili. Austin alimwambia, "Kaka, muulize mkeo," akajibu, "Nikiuliza atanijibu," na hapo ubishi ukaisha, kwa kuwa Austin hajawahi kuwa na mke, wala mwanamke yeyote wa bara lolote hajawahi kuhangaika Austin azikwe wapi.

Mwaka 1949 miguu ilianza kumvimba na pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema ni moyo, na kufikia Oktoba mwaka huu alikuwa hatoki kitandani. Tarehe 30 Oktoba, saa tisa alasiri, Tade Hehir alifika na wenzake wawili, kofia mikononi, akasema kwamba nafasi iliyo kando ya Colman katika uwanja wa kuzikia wapiganaji huko Kilcrone imehifadhiwa tangu 1921, na wote wanajua ni ya nani. Marehemu akageuzia uso ukutani. Uwanja ule ni wa wapiganaji pekee, wake zao hawazikwi humo, na asubuhi ile alikuwa amemwambia Austin, "Wakija, usimshauri Delia, usikohoe wala usimkonyeze, akisema nipelekwe kwa Colman nitajua hakutaka kulala nami, na akisema nibaki, nataka aseme mwenyewe."

Delia alikuwa amesimama na birika la chai. Tade akamwambia, "Shemeji, wewe ndiye mwenye neno," naye akammiminia kwanza, kisha akasema, "Tade, Colman amelala peke yake miaka thelathini na hajalalamika, huyu nikimwacha Dublin wiki moja anarudi na soksi zisizofanana." Tade akaanza, "Lakini shemeji, Colman alikuwa..." akamkata, "Alikuwa mchumba wangu, najua, nilikuwepo. Nilimpenda, na hakunikera hata siku moja, labda ndiyo maana uso wake umenitoka, nikitaka kuukumbuka sharti nitazame picha kama ninyi. Huyu amenikera miaka ishirini na sita, hata kikohozi chake nakijua kikiwa bado barabarani. Atazikwa Cloonagarr, na siku yangu ikifika mtaniweka humo humo."

Ndipo sauti ya marehemu ikatoka kule ukutani, "Na ile picha unayoifuta mara mbili?" Delia akasema, "Ni moshi wa kiko chako, Malachy. Uliitundika mwenyewe juu ya kiti chako mwaka wa uchaguzi, nimekuomba mara ngapi tuihamishe, ukasema wapiga kura watauliza." Marehemu akageuka polepole, akamtazama, akauliza, "Unasema kweli, au unambembeleza mgonjwa?" na Delia akamjibu, "Mwanasiasa humu ndani ni wewe." Tade ndiye aliyeanza kucheka, marehemu akamfuata mpaka tukaogopa, na jioni ile alikula yai zima na kipande cha mkate, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Septemba. Alifariki tarehe 6 Novemba 1951, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Delia.

Familia inamshukuru Dakta Lillis aliyekuja kwa baiskeli gari lake lilipogoma, Baba Paroko, wabunge wa pande zote walioacha kubishana kwa siku mbili, Tade na wenzake ambao hawakupewa walichokuja kuomba na bado wamekuja na bunduki zao kumpigia saluti, na ukoo wa Talty, ambao tunawaomba radhi kwa leo, na kuwaahidi kwamba Aprili tutakuwa Knockroe kama kawaida, ila hotuba asipewe Austin. Shukrani za pekee kwa majirani waliochimba kaburi hili jana, ambao Delia aliwafuata mwenyewe katika mvua, akawasimamisha, akawaambia wampeleke karibu na ukuta na wamwachie yeye nafasi yake upande wa kushoto, ule anaolala siku zote, na wakipimie kitanda hiki vizuri, kwa maana mtu huyu hujitandaza.

Pumzika kwa amani, kaka, na usilale katikati.